Kadi Bila ya Chanjo ni Ushahidi wa Uongo

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na twamsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu Waislamu! Siku moja baada ya darasa ya Alasiri, ndugu mmoja katika wanafunzi wetu alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alitoa mfukoni kadi mbili za manjano, zile ambazo msafiri huonyesha kuwa amechanjwa homa ya manjano, akaziweka juu ya mkeka mbele yetu. Moja ilikuwa yake, na ya pili ya mamake, bibi wa miaka 68. Wote wawili walikuwa wamejiandikisha kwenda Hija mwaka ule. Katika kila kadi palikuwa na tarehe, sahihi na muhuri. Lakini yeye hakupata kuchomwa sindano hiyo, wala mamake. Wakala wa safari alichukua pasi zao pamoja na fedha kidogo juu ya nauli, na baada ya siku tatu akawaletea kadi zimekwisha jazwa. Ndugu yule akatuuliza, “Masheikh zangu, Hija yetu itaswihi?”

Wakala huyo hatutamtaja, kwani makusudio yetu si kumfedhehi mtu. Bali yatupasa tuanze kwa kujikiri wenyewe: siku ile hatukumjibu. Tulimwambia arudi wiki ya pili. Na sababu ya kunyamaza kwetu haikuwa uchache wa vitabu. Sababu ni kuwa mmoja wetu, katika sisi tunaosomesha, alikuwa na kadi ya namna ile ile sandukuni mwake, na wengine wetu walikuwa wanajua. Tumekuwa tukikataza hirizi na makombe, tukiwaambia watu kuwa karatasi iliyoandikwa haizuii maradhi; kumbe sisi wenyewe tumebeba karatasi tukidhani itatuvusha. Ndipo tulipoona ni wajibu wetu kulisoma jambo hili, kuwauliza matabibu, kisha kuwaandikia ndugu zetu tuliyoyafahamu.

Kwanza yafaa ajue kila mmoja ugonjwa wenyewe ni nini, kwani wengi wauchanganya na malaria au na ugonjwa wa ini. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi. Huko misituni virusi hivi huishi katika kima na nyani, na mbu huwahamishia watu wanaoingia humo. Lakini vikiingia mjini, mbu wa mjini aitwaye Aedes aegypti huvitoa kwa mtu akavitia kwa mtu. Mbu huyu huuma mchana, na huzaa katika maji safi yaliyotuama: mitungi, mapipa, madebe, magurudumu yaliyotupwa, na birika zisizofunikwa. Aliyeumwa hukaa siku 3 mpaka 6 bila ya kuona kitu, kisha hushikwa na homa, maumivu ya kichwa na ya mgongo, na kutapika. Wengi hupona. Wachache hurudiwa na homa kali zaidi, macho na ngozi hugeuka manjano, na damu hutoka mdomoni, puani na tumboni; na nusu ya hao waliofika daraja hiyo hufa katika muda wa siku 7 mpaka 10. Dawa ya kuviua virusi hivyo mwilini haijapatikana. Tabibu humsaidia mgonjwa kwa maji na uangalizi tu, na shifa ni ya Mwenyezi Mungu.

Lakini Mwenyezi Mungu amewapa waja wake kinga. Mwaka 1927 mtu mmoja wa Ghana aitwaye Asibi alishikwa na homa hii, na katika damu yake matabibu wakavipata virusi. Yeye alipona. Lakini tabibu Adrian Stokes, aliyekuwa akifanya utafiti huo, alikufa Lagos kwa homa hiyo hiyo katika mwaka huo huo. Na mwaka 1928 Hideyo Noguchi, Mjapani, akafa Accra kwa homa hiyo. Kisha Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, na wenzake wakavidhoofisha virusi vile vya Asibi kwa kuvikuza mara nyingi katika chembe hai, hata vikawa dhaifu, navyo vyaufundisha mwili wa mtu kujikinga. Hiyo ndiyo chanjo iitwayo 17D, iliyopatikana mwaka 1937, na mpaka leo ndiyo itumikayo ulimwenguni. Basi asitokee wa kutwambia kuwa chanjo hii ni kitu kilichobuniwa jana. Imetoka katika damu ya Mwafrika, na wanazuoni wa utabibu wamekufa katika kuitafuta.

Sindano ni moja tu. Zamani kadi ilikuwa ikimalizika baada ya miaka 10. Lakini tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, kadi hudumu umri wote wa mwenye nayo. Na kadi huanza kufaa siku ya 10 baada ya kuchanjwa, kwa kuwa mwili wahitaji muda wa kujiandaa. Anayechanjwa leo na kusafiri kesho, kadi yake haijafaa, na mwili wake haujakingika.

Sasa tuje katika suala: nani apaswa kuchanjwa?

Wa kwanza ni wakaao katika nchi ambayo ugonjwa huu umo. Hapa kwetu Kenya ulizuka katika bonde la Kerio, upande wa Baringo na Elgeyo Marakwet, mwaka 1992 na 1993. Na baada yake watoto wa sehemu hizo wakaanza kupewa chanjo hii pamoja na chanjo zao nyingine wafikapo miezi 9. Machi 2022 serikali ilitangaza kuwa homa hii imezuka Isiolo, katika nchi ya Merti na Garbatulla, wanakoishi ndugu zetu wafugaji, wengi wao Waislamu wenzetu. Hao hawana safari ya ndege wala hawatafuti viza. Wao wachunga ngamia na ng’ombe wao, na mbu huwafuata huko huko. Haki yao katika chanjo ni ya mwanzo kabla ya haki ya msafiri yeyote.

Wa pili ni msafiri aendaye katika nchi za ugonjwa huu: mfanyabiashara aendaye Uganda au Kongo, dereva wa lori, mwanafunzi aendaye Afrika ya Magharibi. Huyu ajikinga nafsi yake.

Wa tatu ni atokaye katika nchi iliyohesabiwa kuwa na ugonjwa akaenda katika nchi isiyokuwa nao. Na hapa ndipo aingiapo Haji wetu. Watu wa pwani husema, “Sisi Mombasa, Lamu na Malindi hatuna homa ya manjano, kwa nini tuchomwe?” Ni kweli kuwa matabibu hawamlazimishi mtu akaaye Mombasa tu kuchanjwa, wala mgeni ambaye matembezi yake hayatoki pwani. Lakini Kenya yote imo katika orodha ya nchi za hatari, na serikali ya Saudia yataka kadi kwa kila atokaye katika nchi hizo, aliyepita umri wa miezi 9. Sharti hili halikuwekwa kumuudhi Mwafrika. Mbu yule yule Aedes yumo Jeddah, na amekwisha ueneza ugonjwa wa dengi katika mji ule. Basi fikirini, enyi wenye akili: Mahaji zaidi ya milioni moja kutoka kila pembe ya dunia wamekusanyika mahali pamoja, na kati yao yumo mtu mmoja mwenye virusi damuni na kadi ya uongo mfukoni. Kadi ile yamlinda nani?

Wala tusidhani haya ni maneno ya kutisha watu. Mwishoni mwa 2015 homa ya manjano ilizuka Luanda, mji mkuu wa Angola, ikaenea mpaka Kongo. Katika mwaka 2016 watu wawili walioambukizwa Angola waliingia Kenya na ugonjwa huo mwilini, na wafanyakazi 11 waliorejea China walipatikana nao, hali ya kuwa bara la Asia halijapata kuijua homa hii. Akiba ya dharura ya dunia, nayo ni dozi milioni 6, ikamalizika. Hata ilipofika Agosti mwaka ule, watu wa Kinshasa zaidi ya milioni 7 walichanjwa kwa dozi iliyogawanywa mafungu matano, kila mtu fungu moja, ili iwatoshe. Na matabibu walihakikisha kuwa fungu hilo latosha kumkinga mtu katika dharura. Hivi ndivyo chanjo ilivyo kitu cha thamani: kuna watu waliosimama katika jua kutwa nzima kungojea sehemu moja ya tano ya kile ambacho sisi twakihonga ili tusipewe!

Na yuko asiyefaa kuchanjwa, na kumjua huyu ni muhimu kama kumjua apaswaye. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa wengi wenye afya havina dhara ila homa ndogo na maumivu ya mkono. Lakini kwa mwenye kinga dhaifu vyaweza kumdhuru. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hachanjwi kabisa. Wa miezi 6 mpaka 8 hachanjwi ila ugonjwa ukizuka. Hachanjwi mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka sana. Wala mwenye kutibiwa saratani au kutumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili. Wala mwenye maradhi ya tezi ya thaimasi iliyo kifuani. Wala ambaye mayai ya kuku humdhuru vikali, kwani chanjo hukuzwa katika mayai. Mwanamke mwenye mimba, na anyonyeshaye mtoto mchanga, huahirisha mpaka tabibu apime hatari ya ugonjwa na hatari ya chanjo, ipi kubwa. Na aliyetimiza miaka 60 ambaye hajapata kuchanjwa, naye apimwe kwanza, kwa sababu madhara makubwa, ijapokuwa ni nadra sana, huwapata wazee zaidi kuliko vijana.

Hao wote sharia ya kimataifa imewapa njia: tabibu huwaandikia barua ya udhuru. Nchi iendewayo yaweza kuikubali, na yaweza kumweka mwenye barua chini ya uangalizi muda usiozidi siku 6, ambao ndio muda wa ugonjwa kujidhihirisha. Dini yetu nayo imejengwa juu ya wepesi kwa mwenye udhuru. Mgonjwa huswali ameketi, na msafiri hufungua. Lakini udhuru ni ukweli unaosemwa wazi. Wala haujifichi nyuma ya muhuri wa uongo.

Baadhi ya watu wametuletea hoja zao, na hatupendi kuzipita.

Wasema wengine, “Ajali ni ya Mungu, aliyeandikiwa kufa hazuiliwi na sindano.” Twawajibu: ni kweli ajali ni ya Mungu, lakini mmeisahau sira ya masahaba. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alitoka kwenda Sham, na alipofika Sargh akapata habari kuwa tauni imezuka huko. Akashauriana na watu, kisha akaazimia kurudi. Abu Ubaida bin al-Jarrah (r.a.) akamuuliza kama aikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamfahamisha kuwa atoka katika qadari ya Mungu na aingia katika qadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye majani na bonde kavu: popote alishapo, hulisha kwa qadari. Kisha akaja Abdur-Rahman bin Auf (r.a.) akawapasha kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia nchi yenye tauni, na alikataza mtu kuikimbia nchi hiyo ikiwa yumo. Tazameni makatazo hayo mawili! La kwanza lamlinda msafiri na ugonjwa. La pili lawalinda watu wa nchi nyingine na msafiri. Mtume wetu alitufunza karne nyingi kabla ya kadi yoyote kuwa msafiri ana dhima ya nafsi yake na dhima ya wale awaendeao. Na yule bedui aliyeuliza juu ya ngamia wake alifunzwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Kumwacha ngamia bila ya kamba si tawakali.

Wasema wengine, “Ndani ya chanjo mna najisi.” Twawajibu: virusi vyake hukuzwa katika mayai ya kuku, na yai ni halali. Ziko chanjo za baadhi ya viwanda zitiwazo jelatini ili zisiharibike. Na wanazuoni waliokutana na matabibu Kuwait mwaka 1995 walikata kuwa kitu kikigeuka dhati yake kikawa kitu kingine, hukumu yake nayo hugeuka, na wakaitaja jelatini kwa jina lake. Na wauliza wengine juu ya sindano mwezi wa Ramadhani. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika mkutano wake wa Jeddah mwaka 1997, lilikata kuwa sindano isiyokuwa ya chakula, ikipigwa katika ngozi, mnofu au mshipa, haifunguzi. Asiyetulia moyo na achanjwe usiku, au kabla ya Ramadhani kuingia. Lakini asiifanye saumu kuwa kisingizio.

Na wasema wengine, “Kila mtu anunua kadi.” Hii si hoja. Makosa ya wengi hayawi halali kwa wingi wao.

Basi sasa twarudi kwa ndugu yetu na kadi zake mbili. Alipokuja wiki ya pili tulimjibu hivi. Mwenye kutimiza nguzo za Hija na mambo yake ya wajibu, Hija yake yaswihi kwa kauli ya jumhuri ya wanazuoni, na faradhi yamwondokea shingoni. Lakini Hija yenye kukubaliwa, ile ambayo mtu hurejea nayo kama siku aliyozaliwa na mamake, ina sharti zake, na Mwenyezi Mungu amemtaka Haji ajiepushe na ufasiki katika safari ile. Itakuwaje, basi, mtu akaitikia Labbaika na katika mfuko wa ihramu yake mna hongo na ushahidi wa uongo? Kadi ile ni ushahidi. Yasema: mimi fulani nimechanjwa siku fulani. Atakayeisoma hana njia ya kuujua ukweli ila neno lako. Mtume (s.a.w.) aliuhesabu ushahidi wa uongo katika madhambi makubwa kabisa, na alipoutaja alikuwa ameegemea, akainuka akakaa kwa uzito wa jambo lenyewe.

Tukamwambia: zichaneni kadi hizi, mtubu, kisha nendeni kituo kilichoidhinishwa na serikali, wewe na mamako, na mumweleze tabibu kila kitu. Wakaenda. Kijana akachanjwa siku ile ile. Mamake alipoulizwa dawa anazotumia, ikadhihiri kuwa kwa maradhi ya viungo anatumia dawa ya kupunguza kinga ya mwili, tena ana miaka 68. Tabibu akakataa kumchanja, akamwandikia barua ya udhuru. Yule aliyeuza kadi hakuwa amemuuliza bibi huyu hata swali moja. Lau mwanawe, baada ya kusikia mawaidha nusu nusu, angempeleka akachomwa bila ya kuulizwa, huenda angemdhuru. Na lau angesafiri na kadi ya uongo akaumwa njiani, matabibu wangeisoma na kuamini kuwa ana kinga asiyokuwa nayo. Uongo ule ulikuwa na milango miwili, na kila mmoja wafungukia kaburini. Bibi alipoambiwa kuwa barua yaweza kukubaliwa, na yaweza kumfanya azuiliwe siku 6, alisema kuwa ameingojea Hija miaka 68, hatashindwa kungoja siku 6.

Na yule ndugu yetu mwenye kadi sandukuni, naye aliitoa mbele yetu sote, akaichana, na Jumatatu yake akaenda kuchanjwa. Twayaandika haya kwa idhini yake, ili asidhani msomaji kuwa twamhubiria yeye peke yake.

Basi twawausia ndugu zetu mambo haya. Enyi maimamu, yasemeni haya juu ya mimbari kabla ya msimu wa Hija, si baada yake, kwani kadi hufaa baada ya siku 10. Enyi mawakala wa safari, nyinyi mmebeba amana ya wageni wa Mwenyezi Mungu. Msiwauzie dhambi pamoja na tikiti. Enyi wazazi mlioko Baringo, Elgeyo Marakwet, na kila mahali chanjo hii inapotolewa kwa watoto, msiwakoseshe watoto wenu wafikapo miezi 9. Na sisi watu wa pwani tusijione tuko salama daima. Mwaka 2004 mbu huyu huyu alieneza chikungunya Lamu, hata ikakadiriwa kuwa robo tatu ya watu wa mji waliupata ugonjwa ule. Mbu yupo, kilichokosekana ni virusi vya homa ya manjano tu, navyo vyaweza kuletwa na msafiri mmoja. Tufunike mitungi na mapipa yetu, na birika za misikiti yetu tuzisafishe, kwani si uungwana maji ya kutawadhia yawe ndiyo mazalio ya maradhi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe kunyamaza kwetu, awape shifa wagonjwa wetu, azikubali Hija za waliokwenda kwa ukweli na udhuru za waliozuilika kwa ukweli, na atujaalie tuwe watu ambao maandishi yao na vitendo vyao ni kitu kimoja. Amin.

Wabillahi tawfiki.